Hatuogopi Sindano, Tunaogopa Macho ya Watu

Ninakuomba ukae nami kidogo. Habari hii siyo tamu, lakini ninaiandika kwa ajili ya nyumba nyingi ambamo gazeti hili linaingia: huko machimboni, huku Butembo, na kule Beni, Oicha na Kasindi. Kama uko na watoto wakubwa, uwasomee. Kama wewe ni kijana, usiruke ukurasa huu ukisema ni mambo ya wazee.

Nikuulize kwanza: umekwisha kupimwa damu ili ujue kama uko na virusi vya Sida ao hapana? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe moyoni. Na kama bado, jiulize tena: ni kwa sababu gani?

Mimi nilikimbia swali hilo kwa miaka tisa.

KADI NDANI YA MFUKO WA KOTI

Mwaka 2004 nilimzika mdogo wangu. Tulikuwa tunatafuta maisha sisi wawili upande wa Manguredjipa, katika Lubero. Yeye alishuka shimoni, mimi nilinunua dhahabu kidogo kidogo kwa mzani wa mkono na kuileta Butembo. Alikuwa kijana wa nguvu, mtu wa kucheka. Kisha akaanza kukonda. Kuhara hakukwisha, kikohozi hakikwisha, mdomo ukajaa vidonda. Tulimbeba kwa kipoyi mpaka mahali malori yanapofika. Alipoingia Butembo, mama yetu hakumtambua.

Nyumbani hakuna mtu aliyetamka neno Sida. Tulisema ni sumu. Na ukisema sumu, lazima mtafute mwenye kuitoa. Tukamtafuta, tukampata: mwenzake wa shimo moja, mtu mzima mwenye bibi na watoto. Walikuwa wamegombana siku moja kwa sababu ya mifuko ya mchanga wa dhahabu. Tukasema basi, ni yeye. Vijana wa familia yetu walikwenda kwake usiku, wakavunja mlango. Yule mzee akakimbia na watu wake, akaacha nyumba na shamba. Mimi sikuvunja mlango. Nilikuwa nyuma, nikishika taa.

Juma moja baada ya matanga tulikuwa tunagawanya nguo za marehemu. Ndani ya mfuko wa koti lake nikakuta kadi ndogo. Juu yake kulikuwa namba, muhuri, na tarehe ya kurudi kuchukua jibu. Jina halikuwepo. Wakati ule ulipimwa leo, jibu ukalingojea siku kadhaa. Nikahesabu tarehe ile. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne mbele ya kifo chake.

Kumbe mdogo wangu alikuwa amepimwa. Hakurudi kuchukua jibu.

Na mimi nilifanya nini? Sikumwonyesha mtu hata mmoja. Niliificha kadi ndani ya Biblia yangu, nikamwacha yule mzee abebe dhambi ya sumu ambayo hakuitoa. Hata leo sijui jibu gani lilikuwa linamngojea mdogo wangu. Lakini ninajua kwamba katika miezi ile kumi na minne alipita mara nyingi mbele ya mlango ule, na hakuingia.

ZAMANI SABABU ILIKUWEPO

Tusiwacheke waliokimbia kipimo miaka ile. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza na waganga wa Marekani mwaka 1981. Virusi vyake vikavumbuliwa mwaka 1983 na watu wa Institut Pasteur ya Paris, na kipimo cha damu kikaanza mwaka 1985. Hapa nchini, Projet Sida ilifungua kazi yake Kinshasa mwaka 1984, katika hospitali ya Mama Yemo. Baadaye watu wa sayansi walichunguza damu iliyotolewa Kinshasa mwaka 1959 na kuhifadhiwa, wakakuta virusi ndani. Ugonjwa ulikuwa kati yetu mbele haujapata jina.

Mwaka 1987 Franco alitoa wimbo mzima wa kutuonya juu ya Sida. Watu waliucheza, waliusikiliza, na wengi walibaki vilevile. Vijana wa mjini walichezea zile herufi nne, wakisema ni ugonjwa wa kubuniwa tu ili kuwavunja wapenzi moyo.

Wakati huo dawa haikuwepo. Ukipimwa na kukutwa na virusi, uliambiwa uende nyumbani ukangoje. Basi mtu aliyesema "afadhali nisijue" alikuwa na sababu yake. Mwaka 1996 dawa za kuunganishwa zilianza kuokoa watu katika nchi za matajiri. Kwetu zilichelewa mpaka miaka ya 2000, na mwanzoni zilifikia wachache.

Lakini leo? Leo dawa za ARV zinatolewa bure. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kila mtu aliyekutwa na virusi aanze dawa mara moja, bila kungoja augue. Kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Ukikimeza vizuri, virusi vinapungua mpaka mashine haivioni tena ndani ya damu. Ukikaa hivyo, humwambukizi mwenzako wa ndoa. Mama mwenye virusi asiyemeza dawa anaweza kumpa mtoto wake: kati ya watoto 100, 15 mpaka 45 wanaambukizwa. Akitunzwa vizuri na dawa, hawafiki 5.

Tena sikiliza hesabu hii. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa katika Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa miaka 15 mpaka 49, karibu mmoja tu alikuwa na virusi. Maana yake wengi kati yetu tunalala na hofu ya kitu ambacho hatuna, na yule aliye nacho anakosa dawa iliyo karibu.

Sababu ya zamani imekwisha, ila woga umebaki. Ni kama mtu anayezunguka mbali na daraja lililovunjika zamani, kumbe limekwisha kutengenezwa.

KIPIMO CHA BIBI SI KIPIMO CHA BWANA

Mwisho wa mwaka 2012 bibi yangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa nne. Alikwenda kupimisha mimba, wakampima damu pia, akakutwa mzima. Muuguzi akampa karatasi ya kuniita mimi. Akaniletea jioni nikiwa ninakula.

"Papa, wanakuita na wewe."

Nikamwambia: "Wamekupima wewe? Uko mzima? Basi na mimi niko mzima. Sisi ni mwili mmoja."

Ndugu msomaji, neno hili nimelisikia kwa wanaume wengi, na ni uongo. Bwana anaweza kuwa na virusi na bibi asiwe navyo kwa miaka, ao bibi awe navyo na bwana asiwe. Kila mtu ana damu yake. Nililijua hilo. Nilijua pia namna nilivyoishi huko machimboni, mbali na nyumba, dhahabu ikitoka vizuri. Sitaeleza zaidi. Wanaoishi kule wanaelewa.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Katika kanisa letu nilikuwa mmoja wa viongozi wa vijana. Mwaka uleule nilikuwa nimesimama mbele yao nikasema kwamba Sida ni fimbo ya wazinzi, na mwenye kuwa nayo anajua alikoitoa. Vijana walinyamaza kimya. Leo ninaona kwamba kadiri nilivyoogopa ndani, ndivyo nilivyopiga kelele nje.

Ile karatasi ilikaa mfukoni mwangu miezi miwili. Bibi yangu alirudi tena kupimisha mimba, na muuguzi akamweleza kitu kimoja: mama akiambukizwa wakati wa mimba, virusi vinakuwa vingi sana ndani ya damu, na mtoto yuko katika hatari kubwa. Aliponiambia, hakugomba. Aliweka mkono juu ya tumbo lake, akaenda kulala. Usiku ule mimi sikulala.

BENCHI LA BENI

Kituo cha afya kilikuwa karibu na nyumba yetu. Lakini muuguzi wa labo alikuwa mtu wa kwaya yetu. Nikasema: nikionekana pale, jua halitashuka mbele habari haijafika kanisani. Basi Januari 2013 nilimdanganya bibi yangu kwamba ninakwenda Beni kununua mabati. Nikapanda pikipiki alfajiri, kilomita zaidi ya 50, nikashuka mbele ya kituo kimoja ambapo hakuna anayenijua.

Niliingia nikiinamisha kichwa. Nikaketi kwenye benchi la mbele ya labo. Nilipoinua macho, nikaona kando yangu mzee mmoja wa kanisa letu la Butembo.

Tulitazamana. Yeye akawahi kusema:

"Nimekuja kuangalia mgonjwa."

"Ndiyo, Mzee. Na mimi nimekuja kununua mabati."

Akatazama mlango wa labo, akanitazama mimi. "Mabati wanauzia hapa?"

Tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kuona kuna nini. Kisha kicheko kikakatika, na yule mzee akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kule kwetu yule wa labo anaimba ndani ya kwaya."

"Ni hiyo tu, Mzee, iliyonileta huku."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mimi nilisafiri kwa kuogopa watu kama yeye. Yeye alisafiri kwa kuogopa watu kama mimi. Kila mmoja alikuwa mdomo ambao mwenzake alikuwa anaukimbia.

Muuguzi alinichoma kidole, akatoa tone moja la damu. Tukangoja kama dakika ishirini. Kisha akapima tena kwa kipimo cha pili ili kuhakikisha. Akafunga mlango, akakaa mbele yangu, akaniambia bila haraka: niko na virusi. Akaniacha nilie. Halafu akanieleza dawa, akaniuliza juu ya bibi yangu. Hakuniuliza nilivitoa wapi.

Jibu la yule mzee siliandiki hapa. Ni lake.

Nilimwambia bibi yangu siku ya tatu, usiku, watoto wakiwa wamelala. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Tangu lini ulikuwa unafikiri hivi?" Nikamwambia: "Tangu tulipomzika mdogo wangu." Hapo ndipo alipolia. Virusi vyenyewe havikumliza kama ile miaka tisa niliyolala kando yake na kunyamaza. Kesho yake alirudi kwao. Alikaa huko majuma sita, na alikuwa na haki. Aliyekwenda kumwomba radhi pamoja nami, akaketi kati yetu mbele ya wazazi wake, ni yule mzee wa benchi.

Bibi yangu alipimwa tena mara nyingi. Ni mzima mpaka leo. Mtoto alizaliwa mzima, sasa ni mkubwa na anapenda mpira. Mimi nilianza dawa mwaka uleule, na ninalima, ninafanya biashara, ninachukua mifuko mgongoni kama wengine.

SABABU NINAZOZISIKIA

Tangu wakati huo nimeongea na watu wengi juu ya kipimo, machimboni na mjini. Sababu wanazonipa ni hizi:

1. "Miye siko mgonjwa." Lakini virusi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuonyesha alama. Ukingoja ukonde, umechelewa.

2. "Nikijua nitakufa haraka kwa mawazo." Mawazo yapo, sikudanganyi. Lakini mwenye mawazo na dawa anaishi. Mdogo wangu alikuwa na mawazo bila dawa.

3. "Bwana wangu atanifukuza." Hii ninaiheshimu sana. Kwa kuwa wamama wanapimwa wakati wa mimba, wao ndio wanaojua kwanza, na anayejua kwanza anaitwa aliyeleta. Wanaume wenzangu, tuseme ukweli: huu ni uonevu. Dawa yake ni kwenda pamoja, siku moja, na kupokea majibu pamoja.

4. "PDG wa shimo atanifukuza kazini." Sheria ya nchi yetu namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi na inakataza kuwabagua. Na siri ya labo ni siri. Muuguzi anayeitoa amevunja sheria ya kazi yake.

5. "Nimekwisha kuombewa." Mimi pia ninaomba kila siku. Lakini ninawajua watu waliotoka katika chumba cha maombi wakatupa vidonge, na tukawazika. Kumbuka Naamani, jemadari mkubwa: asingeshuka kuoga mtoni mbele ya watumishi wake, angebaki na cheo chake na ukoma wake. Na wale wenye ukoma kumi, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao wakati ule ndio waliokuwa wakichunguza ngozi ya watu. Kujionyesha hakukuonekana kuwa upungufu wa imani.

Ukizitazama vizuri, nyingi kati ya sababu hizi hazihusu sindano wala damu. Zinahusu sisi: tutasema nini, tutamtazama mtu vipi.

TULIYOYAONA KWA MACHO

Sisi wa Beni na Butembo tulipewa somo kubwa. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia upande wa Mangina. Wengi walisema haiko, ni siasa, ni biashara ya watu. Walioanza homa walifichwa ndani ya nyumba kwa kuogopa kuonekana wakichukuliwa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwaka 2019. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3470 walikuwa wamegua, na 2287 kati yao wamekufa.

Na bado, hapahapa kwetu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa zilijaribiwa na mbili zikaonekana kuwa nzuri. Kati ya waliopata dawa hizo mbili wakati virusi bado ni vichache mwilini, karibu 9 katika 10 walipona. Waliofichwa nyumbani hawakupata nafasi hiyo. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Majirani zetu wa Uganda walianza mapema kulisema neno hili. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema ana Sida, kisha akapita shuleni na makanisani kuwaonya watu mpaka alipokufa mwezi wa Desemba mwaka uleule. Mwaka 1990 Kampala ilipata kituo ambapo mtu alipimwa bila kutaja jina lake. Wafanyabiashara wetu wa Butembo waliokwenda kule kuchukua mali walirudi na habari hizo. Tulizisikia kama habari za watu wengine.

NINACHOKUOMBA

Sikuombi utangaze jibu lako kanisani. Ninakuomba mambo matatu madogo.

Nenda ukapimwe, na kama uko na mwenzako, mwende wote wawili. Kama ulijiweka katika hatari siku za karibu, urudi tena baada ya miezi mitatu, maana kipimo kinaweza kukosa virusi vipya. Na wewe unayeishi mahali pa kukimbia vita kila mara, ukikimbia shika dawa na kadi yako, na utakapofika ulizia kituo cha afya siku ileile.

Ukimwona mtu kwenye benchi, msalimie na upite. Usiulize amekuja kufanya nini.

Na ukisimama mbele ya vijana, usiseme kama nilivyosema mimi. Kati yao kuna mmoja anayekusikiliza akiwa na karatasi mfukoni.

Nimalizie na deni langu. Mwaka 2014 nilikwenda kumtafuta yule mzee tuliyemfukuza. Nilimkuta upande wa Mambasa, analima shamba la mtu mwingine. Nilipiga magoti, nikamwonyesha ile kadi. Aliishika kwa vidole viwili, akaisoma tarehe, akasoma tena. Sikusikia matusi. Alisema hivi tu:

"Mwanangu, karatasi hii ungeniletea wakati ule, ningekuwa ninalala kwangu."

Alinisamehe. Shamba lake halikurudi, lilikuwa limekwisha kuuzwa mara mbili. Mpaka sasa, kila baada ya mavuno, ninamtumia kitu kidogo, na ninajua hakitoshi.

Ndugu msomaji, kama na wewe uko na karatasi mahali fulani, ndani ya Biblia ao ndani ya koti, itoe leo. Kituo cha afya kinafunguliwa asubuhi.

Ndugu yenu, Butembo